Kusi Ipitapo Dadaab

Mwezi wa Julai, kabla jua halijachomoza, mfuko wa upepo wa kiwanja cha ndege huweza kulala kabisa kwenye mlingoti wake. Majani ya miti ya mathenge hayatikisiki. Mgeni akiamka Dadaab saa hiyo atasema kumetulia. Lakini mita mia tano juu ya kichwa chake hewa inaweza kuwa inakimbia kuelekea kaskazini kwa kasi kuliko lori lolote lililo katika barabara ya Garissa. Wapo watu wanaolijua jambo hilo bila kuliona kwa macho: waangalizi wa hali ya hewa wanaoamka usiku kupima, na marubani wanaoshuka ndani ya upepo huo wakiwa na abiria nyuma yao. Ustadi wao ni wa kimya, haupigwi picha, na mimi nauheshimu kuliko ninavyoweza kueleza kwa maneno machache. Ndiyo maana nayatumia mengi.

Kwenye ramani, Dadaab ni bara kavu. Ulimwengu uliusikia mji huu wa Kaunti ya Garissa kuanzia 1991, kambi ya Ifo ilipofunguliwa kuwapokea Wasomali waliokimbia vita. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka wa pili. Mstari wa ikweta unapita karibu kabisa na hapo. Na ukishika njia ya Kismayu au ya Lamu, bahari iko umbali wa kama kilomita 250, na njia nzima huoni mlima wa kukinga upepo. Ardhi ni tambarare, mita mia na kidogo juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo hewa inayovuma Dadaab katikati ya mwaka ni ya bahari, ila imepoteza ubaridi wake njiani.

Waswahili wa pwani wanaiita kusi. Wafugaji wa Kisomali wanauita msimu wake hagaa, miezi ya upepo na ukavu baada ya mvua za gu. Rubani wa jeshi anayepaa kutoka Manda, kwenye kambi ya wanamaji iliyo ukingoni mwa bahari huko Lamu, na rubani anayeshuka Dadaab na wafanyakazi wa misaada, wanashughulika na hewa ile ile moja. Ikienda kwa noti 40, yaani kilomita 74 kwa saa, iliyopita juu ya Manda usiku wa manane itakuwa juu ya Dadaab kabla ya alfajiri. Tofauti ni kwamba Manda mtu anaisikia kwenye mawimbi na matanga, na Dadaab hana mawimbi ya kumwonyesha.

Jina lililoganda kwenye upepo huu katika vitabu vya sayansi ni la Mwingereza, John Findlater, aliyeuchunguza miaka ya 1960. Mwaka 1966, kisha kwa upana zaidi mwaka 1969, alionyesha kwamba kusi haivuki ikweta kama pazia pana linalosogea kwa usawa. Sehemu kubwa yake hubanwa upande wa magharibi na nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, ikawa mkondo mwembamba wenye kiini chake kilomita moja hadi moja na nusu juu ya ardhi. Mkondo huo hupita mashariki ya Kenya, huingia Somalia, huiacha Afrika kwenye pwani ya Somalia na kuvuka Bahari ya Arabuni hadi India, ambako mvua zake hutarajiwa Kerala mwanzoni mwa Juni. Noti 50 ni jambo la kawaida kwenye kiini. Zipo siku ambazo kasi imekaribia 100. Hesabu ya Findlater ya mwezi wa Julai ilionyesha kwamba ukanda huu wa Afrika Mashariki na bahari iliyo jirani nayo hupitisha karibu nusu ya hewa yote ya chini inayovuka ikweta duniani kote. Inasikitisha kwamba unyevu unaokwenda kuwanyeshea wengine unapita juu ya visima vya Hagadera bila kudondosha chochote. Hewa hiyo inateleza sambamba na pwani na kutawanyika. Haipandi, na hewa isiyopanda haifanyi mvua.

Kila nisomapo habari za ugunduzi huo, mawazo yangu humwacha Findlater haraka na kwenda kwa aliyerusha puto Garissa. Maana takwimu zilizofichua mkondo zilitoka kwenye maputo ya vituo kama hicho. Jina la mwangalizi halikuandikwa juu ya karatasi za kisayansi. Namba zake ndizo zilizoandikwa.

Kazi yenyewe inaanza ndani ya kibanda. Puto la mpira linajazwa hidrojeni polepole, huku uzito mdogo unaojulikana ukining'inia mdomoni mwake. Linajazwa mpaka lielee na uzito ule, lisipande wala lisishuke. Hapo ndipo mjazaji anajua litapanda kwa mwendo gani likiachiwa, tuseme mita 150 kila dakika. Hesabu yote ya baadaye inasimama juu ya pumzi hiyo ya mwisho ya gesi. Ikizidi, kila urefu utakaoandikwa utakuwa wa uongo, na hakuna atakayegundua. Gesi hiyo pia hulipuka kwa cheche ndogo tu, kwa hiyo mikono inafanya haraka inapotakiwa na taratibu inapotakiwa. Rangi huchaguliwa kwa kutazama juu: jeupe kama mbingu ni samawati, jekundu kama kuna mawingu, jeusi kama zimefunikwa kabisa. Usiku linafungiwa taa ndogo.

Likishaachiwa, mwangalizi anakuwa kwenye theodolaiti, darubini ya kupimia pembe iliyopindwa katikati ili jicho litazame mbele hata puto likiwa utosini. Kila dakika, saa inapolia, anasoma pembe mbili: puto liko upande gani wa dira, na liko juu kiasi gani kutoka upeo wa macho. Anazitaja, mwenzake anaandika. Jicho haliondoki. Dakika ya kwanza ndiyo ngumu kwa mikono, kwa sababu puto liko karibu na linakimbia mbele ya kioo. Dakika za baadaye ni ngumu kwa macho, kwa sababu limekuwa nukta. Baadaye anakaa mezani: urefu anaujua kwa saa, pembe anazo, umbali unatoka kwenye jedwali, na nafasi kati ya nukta moja na inayofuata ndiyo upepo wa tabaka lile.

Kusi ikiwa kali, kazi hiyo hugeuka kuwa ya hali ya juu. Kwa upepo wa noti 50 puto husogea kilomita moja na nusu kila dakika huku likipanda mita 150 tu. Haliendi juu tena, linakwenda kando, na pembe yake huanguka hadi kama digrii 6 juu ya upeo wa macho, mle ndani ya vumbi na ukungu wa joto. Sasa tazama. Puto likiwa mita 1,500 juu na pembe ikiwa digrii 6, liko umbali wa kilomita 14 na kidogo. Mtu akisoma 6 na nusu, hesabu itasema 13. Nusu digrii, ambayo ni upana wa mwezi mpevu angani, inafuta zaidi ya kilomita nzima. Siku upepo unapokuwa na habari kubwa zaidi ya kusema ndiyo siku ulio mgumu zaidi kupimwa. Watu walipima hata hivyo, asubuhi baada ya asubuhi, wakasoma sehemu ya kumi ya digrii kwenye vumbi la Garissa, na walichosoma kilikuwa sahihi kiasi cha kuonyesha mkondo unaoanzia bahari moja na kuishia bara jingine.

Puto lile lile hutoa habari nyingine bila kuongezewa kitu. Likizama ndani ya wingu dakika ya tatu, kitako cha wingu kiko mita 450. Asubuhi za kusi kwenye bonde la chini la Mto Tana, mawingu mapana ya chini huwa yametandazwa urefu kama huo, na kwa rubani tofauti ya mita 450 na mita 200 ni tofauti ya kutua na kurudi alikotoka.

Tusisahau kazi isiyo na puto. Saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, saa tatu usiku: hizo ndizo saa kuu ambazo vituo vya dunia nzima hupima kwa pamoja, na katika vituo vya viwanja vya ndege hupimwa kila saa. Mwangalizi hufungua kisanduku cheupe chenye kuta za mbao zilizoachiwa nafasi, husoma kipimajoto kikavu na kile kilichovikwa kitambaa chenye maji, kisha hutoka na kugawa anga katika sehemu nane na kusema ngapi zimefunikwa. Husoma kanieneo ya hewa. Hapa kwenye ikweta, kanieneo ina desturi yake: hupanda hadi kilele yapata saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, hupanda tena saa nne usiku, hushuka tena saa kumi alfajiri, kwa tofauti ya hektopaskali tatu hivi, kama maji kujaa na kupwa. Mwangalizi mzoefu anaijua desturi hiyo vizuri sana hata namba ikipotoka kidogo hurudi kuisoma upya. Na ana sababu. Kila hektopaskali moja ni karibu mita nane kwenye kipimaurefu cha ndege. Akikosea tano, rubani aliye mawinguni ataamini yuko mita 40 juu ya mahali alipo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, idara ya pamoja ya hali ya hewa ilivunjika nayo, na Kenya ikaendelea na idara yake yenye makao Dagoretti, Nairobi. Vituo vya Garissa, Wajir, Mandera na Lamu viliendelea kutuma namba, katika miaka ya amani na katika miaka ambayo kukaa huko kulitaka moyo. Sioni kama nchi imewahi kuwashukuru wanavyostahili.

Turudi kwenye ule utulivu wa alfajiri, kwa sababu hapo ndipo kazi ya mwangalizi na ya rubani zinapokutana. Mchana, ardhi ya Dadaab inapowaka, hewa ya chini hupanda na ya juu hushuka, na msukosuko huo hushika breki kwenye mkondo. Jua likizama, ardhi hupoa upesi kwa kuwa mbingu ziko wazi. Hewa iliyogusana nayo inakuwa nzito, inatulia, na kutengana na iliyo juu. Mkondo ukishaachiwa na ardhi, huongeza kasi usiku kucha na kufikia ukali wake kabla ya mapambazuko. Halafu jua linarudi, chini kunaanza kuchemka, na kufika saa tatu au saa nne asubuhi kasi ile ya juu huteremshwa hadi chini kwa mapigo. Ndipo mahema yanapoanza kupiga makofi na vumbi kuingia kwenye uji wa watoto, na watu husema upepo umeanza. Ulikuwepo usiku kucha.

Sasa mchukue rubani aliyeondoka asubuhi kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Zaidi ya kilomita 400 mbele yake, kiwanja kiko mita 1,500 na zaidi chini ya kile alichotoka. Alikokuwa akiruka, juu kabisa, upepo ulikuwa wa wastani. Anapoteremka huingia kwenye mkondo kwa juu, na dalili ya kwanza si mtikisiko. Dalili ni kwamba ndege inasogea kushoto bila kuambiwa. Kama mwendo wake hewani ni noti 160 na kusi ya noti 40 inampiga ubavuni, itambidi ageuze pua kulia digrii 14 hivi ili aendelee kwenda alikokusudia. Anatazama Dadaab kupitia dirisha la pembeni kidogo huku akiiendea moja kwa moja. Abiria hawajui.

Kisha hutoka mkondoni kwa chini, na hapo ndipo roho ya ufundi wake ilipo. Akiwa anatua kwa kuukabili upepo, mabawa yake yanaishi kwa mwendo wa hewa inayopita juu yake, si kwa mwendo wa ardhi. Upepo wa noti 35 usoni ukipungua hadi 5 katika mita mia tatu za mwisho, ndege inanyang'anywa mwendo ambao mabawa yalikuwa yanautegemea, na huzama. Rubani asiyeijua nchi hii hutazama mfuko wa upepo uliolala, akasema shwari, na akapunguza nguvu za injini mapema. Anayeijua huweka noti kadhaa za akiba, mkono haubanduki kwenye kipini cha nguvu, na hungojea mahali ambapo hewa itamwachia. Nimependa sana kuwasikiliza marubani wakieleza jambo hili, kwa sababu hawaelezi kwa majivuno. Hulieleza kama mvuvi anavyoeleza mwamba ulioko mlangoni mwa bandari.

Na dalili wanazozisoma wakiwa angani ni za hapa hapa. Moshi wa meko ya kambini unapanda wima, na mahali fulani juu unakatika na kulazwa upande mmoja: hapo ndipo mpaka wa utulivu ulipo, umechorwa na watu wanaochemsha chai. Vumbi la gari kwenye barabara ya Garissa linaonyesha upepo wa chini upande unaokwenda. Mchana, kivuli cha wingu kinachovuka laga, yaani mto mkavu, kina mwendo ule ule wa wingu lenyewe, na rubani aliyezoea anaweza kukadiria kasi ya upepo wa juu kwa kuhesabu kivuli kinatumia muda gani kutoka ukingo hadi ukingo. Mfuko wa upepo wenyewe hujaa na kunyooka kabisa upepo ukifika noti 15 hivi. Zaidi ya hapo hauna la kuongeza. Upepo wa noti 20 unaokuja kwa pembe ya digrii 30 kutoka mbele humpiga ubavuni kwa nguvu ya noti 10. Hesabu hiyo anaifanya kichwani wakati anafanya mengine matano.

Mtu atasema basi atue mchana, mkondo ukishachanganyika. Mchana una yake. Joto likifika digrii 38, hewa inakuwa nyepesi kiasi kwamba mabawa na propela huona kiwanja kama kimeinuliwa hadi karibu mita 1,000 juu ya bahari, na mbio za kupaa hurefuka. Chamchela hutembea juu ya ardhi tupu, nyingine ikiwa na vumbi la kuonekana, nyingine bila. Kongoti, ndege wakubwa wa majalala ambao kila mkazi wa Dadaab na Garissa anawajua, hungoja hewa ya moto ipande ndipo nao wapande, wakizunguka bila kupiga bawa. Wana hatari, kwa uzito wao. Lakini wana msaada pia: wanapozunguka ndipo hewa inapopanda, na rubani anayewaona mapema huwakwepa na papo hapo hujua mahali atakaporushwa.

Mvua ikija, yote hayo huwekwa kando na swali linakuwa udongo. Viwanja vya murram vya kaskazini mashariki hukaguliwa kwa miguu na kwa gari kabla ndege haijaruhusiwa. Kisigino kikizama, basi. Mwaka 1997, mvua za El Niño zilipozamisha Ifo, na tena Novemba 2006, barabara zilikatika na misaada ililetwa kwa ndege. Siku kama hizo mtu anayesimama katikati ya kiwanja akikanyaga tope na kulitazama ana uzito sawa na mkuu yeyote aliye ofisini.

Ustadi wa kusoma anga haukuletwa hapa na ndege. Muusa Galaal, mtaalamu wa Kisomali aliyekusanya elimu ya wafugaji kuhusu nyota na majira, alichapisha sehemu yake mwaka 1968, na ndani yake unaona watu waliogawa mwaka kwa nyota na kujua lini wahame na ngamia. Na wako wanaotazama kutoka mbali zaidi: Agosti 2018, Ulaya ilirusha setilaiti ya Aeolus, ya kwanza kupima upepo kwa miale ya leza kutoka angani, nayo ilifanya kazi hadi 2023. Ilikuwa kazi ya ajabu na naistahi. Lakini ilirudia njia ile ile mara moja kwa wiki, na ndege ya Dadaab inahitaji upepo wa asubuhi hii.

Kwa hiyo rubani bado anakusanya vipande. Garissa iko kama kilomita 90 kusini magharibi, Wajir kaskazini, Lamu kusini kwenye maji. Dadaab iko katikati yao. Anasoma taarifa ya saa hiyo ya kila kituo: upande wa upepo, mawingu ya Lamu yameshuka kiasi gani, Garissa imeanza kupuliza au bado. Lamu ikiwa na mawingu ya chini na Garissa ikiwa imetulia alfajiri ya Julai, anajua mkondo uko juu, haujateremka. Akishatua, huwaambia walioko kwenye redio ni urefu gani upepo ulimwachia. Mwenzake anayefuata kuondoka Wilson huandika namba hiyo pembeni ya karatasi yake ya safari, huongeza noti chache kwenye mwendo wa kutua, na kuamua abebe mafuta kiasi gani iwapo kusi itamlazimu ageuze.